Ngoma ya Kuazima: Sauti za Wageni katika Nchi ya Karagwe

Kila taifa lina njia zake za kujisemea na za kujisikia. Taifa lisilo na njia hizo hutazama sura yake katika kioo kilichoshikwa na mtu mwingine, nalo huona kile tu ambacho mshika kioo anapenda lione. Jambo hili wengi hulitaja wanapozungumzia miji mikubwa yenye mitambo na majumba ya magazeti. Katika insha hii nataka kulitazama kutoka pembeni, yaani kutoka nchi ya vilima iliyo kando ya mto Kagera, kwenye mpaka wa Rwanda na Uganda, ambayo leo imegawanyika katika wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa. Anayekaa mpakani husikia ngoma za nyumba mbili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo yeye ndiye awezaye kupambanua ngoma ipi ni ya kwao na ipi ni ya kuazima.

Kabla ya wageni kufika, Karagwe haikukosa vyombo vya habari. Katika lugha za nchi hizi za maziwa, neno engoma lina maana mbili: ni ngoma ipigwayo, na ni ufalme wenyewe. Hapana ajabu katika hilo, kwa kuwa ngoma ndiyo iliyotangaza kuwa kuna utawala. Mfalme akitawazwa ililia, naye akifa ilinyamaza. Pamoja na ngoma palikuwa na enanga, chombo cha nyuzi kilichochongwa mtini, ambacho manju alikipiga huku akisimulia vita, misiba na mashujaa wa zamani. Manju hakuwa mtu wa kuchekesha walevi tu. Alikuwa mtunza kumbukumbu, mhakiki wa matendo ya wakubwa, na mwalimu wa vijana. Alijulikana kwa jina na kwa ukoo, na akisema uongo waliomzunguka waliweza kumkatiza papo hapo. Naomba msomaji alishike neno hilo la mwisho, maana nitalirudia: msikilizaji aliweza kumjibu msemaji.

Mwezi wa Novemba 1861, Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, walifika katika ikulu ya mfalme Rumanyika. Walikaribishwa vizuri. Speke aliondoka Januari 1862 kwenda Buganda, na mwenzake akabaki Karagwe kwa miezi kadhaa akiuguza mguu. Speke mwenyewe aliandika kwamba mfalme aliwasalimu kwa Kiswahili kizuri. Jambo hili vijana wetu wanapaswa kulijua. Kiswahili hakikuletwa Karagwe na mkoloni wala na amri ya serikali. Kilipanda kutoka pwani pamoja na biashara, kikaingia ikulu, na mfalme wa Wanyambo akakitumia kumkaribishia mgeni miaka 100 kamili kabla ya uhuru wa Tanganyika.

Lakini mgeni yule aliporudi kwao alichapa kitabu mwaka 1863, na kwa njia ya kitabu hicho Karagwe ikatangazwa duniani. Ilitangazwaje? Msomaji wa London alielezwa jinsi wake wa nyumba ya mfalme walivyononeshwa kwa maziwa hadi wasiweze kusimama, na jinsi mwandishi alivyomchukua shemeji ya mfalme na kumpima mkono, kifua na paja kama apimavyo mnunuzi wa mifugo. Kisha, kwa kuwa ikulu ile ilikuwa na adabu na utaratibu ambao hakuutazamia kwa Mwafrika, akatafuta sababu. Akaandika kwamba watawala na wafugaji wa nchi hizi hawakuwa wenyeji, bali uzao wa watu waliotoka Uhabeshi, jamaa ya Waoromo ambao yeye aliwaita Wagalla. Kwa maneno mengine, penye ustaarabu lazima apatikane mgeni aliyeuleta. Rumanyika hakukisoma kitabu kile, wala hakuulizwa kama yaliyoandikwa ni kweli. Habari za Karagwe zilikuwa zimekwisha kupata msemaji asiyeweza kujibiwa. Matunda ya mbegu ile nitayaeleza baadaye.

Magazeti ya Kiswahili yalianza kwa mkono wa wageni pia. Wamisionari wa Kiingereza walitoa Msimulizi huko Zanzibar mwaka 1888, na serikali ya Wajerumani ikatoa Kiongozi kutoka shule ya Tanga mwaka 1904. Waingereza walipoishika Tanganyika walianzisha Mambo Leo mwaka 1923. Tusiyabeze magazeti haya. Katika kurasa zake Waafrika wengi walijifunza kuandika insha na barua, na washairi wetu walipata uwanja wa kujibizana kwa beti kutoka mji hadi mji. Hata hivyo mwenye gazeti alikuwa mtawala, na mwenye gazeti ndiye aliyeamua yapi yasemwe. Gazeti la kwanza la Mwafrika mwenyewe, Kwetu la Erica Fiah, lilitoka Dar es Salaam mwaka 1937. Filamu nazo zilifuata njia hiyo hiyo. Kati ya 1935 na 1937 kikundi cha Waingereza kilichokaa Vugiri, karibu na Tanga, kilitengeneza filamu za kumfundisha Mwafrika kilimo, afya na kuweka akiba, kisha kikazizungusha kwa lori katika nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Mwafrika alipigwa picha na akaonyeshwa picha, lakini hakuulizwa picha gani apenda kuiona.

Pamoja na mitambo, mkoloni aliingiza sheria. Mwaka 1928 ilitungwa sheria ya magazeti iliyomtaka mchapishaji ajiandikishe na kuweka dhamana. Mwaka 1930 ikaja Kanuni ya Adhabu, na ndani yake kosa la uchochezi, yaani kusema au kuandika neno la kuifanya serikali ichukiwe au idharauliwe. Sheria hii ilizaliwa Uingereza katika zama za wafalme waliojiona hawawezi kukosolewa na raia. Ililetwa hapa kumlinda mtawala mgeni dhidi ya mtawaliwa mwenyeji, nayo ilifanya kazi iliyotumwa. Mwaka 1958 Julius Nyerere alishtakiwa kwa kashfa kwa sababu ya maneno aliyoandika katika Sauti ya TANU juu ya maofisa wawili wa wilaya. Alitiwa hatiani, akatozwa faini ya shilingi 3,000 ama kifungo cha miezi sita, naye akalipa. Mwaka huo huo wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walifungwa kwa uchochezi.

Mtu angetazamia kwamba uhuru ulipofika sheria hizi zingezikwa pamoja na bendera ya mkoloni. Haikuwa hivyo. Taifa lilikuwa changa, lilizungukwa na vita vya ukombozi kusini na mapinduzi ya kijeshi kwa majirani, na viongozi waliona kwamba fimbo iliyoachwa mlangoni huenda ikafaa kumpigia nyoka. Mwaka 1970 serikali ililitaifisha gazeti la Standard, na mwaka 1972 likawa Daily News. Hapo umiliki ulirudi nyumbani, na lilikuwa tendo la haki. Lakini Sheria ya Magazeti ya 1976, iliyochukua nafasi ya ile ya mkoloni, ilibeba ndani yake kosa la uchochezi karibu kwa maneno yale yale, pamoja na uwezo wa waziri kulifungia gazeti. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyokusanya maoni juu ya mfumo wa vyama, iliitaja sheria hiyo miongoni mwa sheria 40 zilizostahili kufutwa au kurekebishwa. Ilidumu hadi mwaka 2016, ilipofutwa na Sheria ya Huduma za Vyombo vya Habari, nayo uchochezi ukaingia tena humo. Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ilitamka kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo, pamoja na vile vya uchochezi, vinakwenda kinyume cha mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2023 Bunge lilirekebisha baadhi ya vifungu.

Na huko ilikozaliwa sheria hiyo? Uingereza ililifuta kosa la uchochezi, pamoja na jinai ya kashfa, kwa sheria ya mwaka 2009. Mwenye nguo ameivua na kuitupa, nasi tuliyeiazima bado tunabishana namna ya kuishona. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haistiri. Mimi ni mtumishi wa serikali, na sisemi haya kwa kuidharau serikali yangu. Ninajua kwamba dola haina budi kuwa na sheria ya kumzuia achocheaye damu. Nasema tu kwamba sheria ya namna hiyo tuitunge sisi, kwa kuyatazama maovu yetu wenyewe tuliyoyaona kwa macho, wala tusirithi woga wa gavana.

Nije sasa kwenye redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikawa shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Redio Tanzania chini ya serikali. Lakini kutoka Dar es Salaam hadi Kayanga ni zaidi ya kilomita 1,000, na kutoka Murongo hadi Uganda ni kuvuka mto tu. Mnyambo aliyefungua redio alikuta Kampala, Kigali na Bujumbura zimekwisha kufika. Nazo sauti za mbali zilikuja kwa Kiswahili: Peking mwaka 1961, Sauti ya Amerika mwaka 1962, Sauti ya Ujerumani mwaka 1963, na kabla ya hizo London mwaka 1957. Wakubwa wa dunia walikuwa wakigombea masikio yetu, na walijua thamani ya lugha yetu labda kuliko baadhi yetu tulivyoijua.

Mwaka 1978 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yaliivamia ardhi yetu kaskazini mwa mto Kagera, na mwanzoni mwa Novemba Redio Uganda ikatangaza kwamba ardhi hiyo sasa ni sehemu ya Uganda. Nakumbuka wazee wamekusanyika mbele ya redio moja ya jirani, nasi watoto tumechuchumaa nyuma yao. Waliielewa ile sauti ya ng'ambo, kwa kuwa lugha za upande ule na huu ni za ndugu. Uchungu ulikuwa humo: tuliambiwa, kwa lugha tunayoielewa vizuri, kwamba nchi ya jirani zetu si yao tena. Kisha tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa, akaeleza kwa Kiswahili kwamba adui atapigwa. Mzee mmoja ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji aliomba atafsiriwe kila sentensi, na alipomaliza kutafsiriwa alisimama akaenda zake kimya kufunga ng'ombe. Siku ile nilijifunza kwamba redio ya taifa si anasa. Wakati wa hatari, mtu asiyefikiwa na sauti ya kwao hana hakika yuko nchi gani.

Lakini ni redio hiyo hiyo iliyotufundisha somo la kutisha zaidi. Julai 1993 kituo cha Radio Télévision Libre des Mille Collines kilianza kutangaza mjini Kigali. Kilikuwa na mtangazaji wa Ulaya, Mbelgiji Georges Ruggiu. Lakini karibu wengine wote waliotangaza walikuwa Wanyarwanda, kwa Kinyarwanda fasaha, kwa mzaha na muziki uliopendwa na vijana. Hata hivyo fikira iliyokuwa ndani yake ilikuwa ya kigeni kabisa. Ilisema kwamba Watutsi si wenyeji bali ni wageni waliotoka Uhabeshi. Mwaka 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alikuwa amekwisha kusema katika mkutano wa hadhara kwamba watarudishwa kwao kwa njia ya mto Nyabarongo. Msomaji ataitambua fikira hiyo. Ni ile iliyochapwa mwaka 1863 na mgeni aliyenywa maziwa ya Rumanyika, ikapokelewa na wamisionari na watawala, ikafundishwa shuleni, ikaandikwa katika vitambulisho, hata wenyeji wenyewe wakaiona kuwa historia yao. Speke hakumwua mtu Rwanda, nao waliochinja wanabeba dhambi yao wenyewe. Lakini hapana budi tuseme kwamba kisu kilinolewa kwa jiwe lililookotwa Karagwe.

Nyabarongo huingia Kagera, na Kagera ndiyo mpaka wetu. Mwaka 1994 mto ule ulileta maiti zikipita kandokando ya vijiji vyetu hadi katika ziwa Viktoria. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na Karagwe nayo ikapokea maelfu katika makambi. Tarehe 3 Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, katika ardhi ya Tanzania, iliwatia hatiani watu watatu kwa kutumia vyombo vya habari katika mauaji yale. Mmoja wao, Ferdinand Nahimana, alikuwa mwalimu wa historia katika chuo kikuu. Walimu wenzangu wa historia watanisamehe nikiwaomba wasilipite jina hilo haraka.

Televisheni ilichelewa kwetu. Zanzibar iliipata mapema katika miaka ya 1970, nayo ilikuwa ya rangi. Bara ilikaa bila televisheni hadi mwaka 1994, vilipoanza vituo vya watu binafsi, na televisheni ya taifa ikafuata mwaka 2000. Serikali iliona kwamba fedha chache za nchi maskini zisitumike kuwastarehesha wachache wa mjini. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake. Lakini tulipofungua mlango, ghala letu la picha lilikuwa tupu, na ghala tupu hujazwa na yeyote mwenye gunia. Zikaja tamthilia za Mexico, za Ufilipino, za Korea na za Uturuki. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake, na mitaa mingi ikakaa kimya ikitazama. Hata mabadiliko ya kuingia katika mfumo wa dijitali, ambayo yalianzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, yalitufanya tuhitaji ving'amuzi, na miongoni mwa wauzaji wakubwa ilikuwamo kampuni ya ubia kati ya shirika letu na StarTimes ya China.

Wapo wanaokasirika na kusema kwamba haya yote ni kasumba, yapigwe marufuku. Siwaungi mkono. Mama wa Kaisho aliyecheka na kulia pamoja na Doudou hakupoteza Unyambo wake kwa kujua kwamba hata huko Beijing wakwe husumbua. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatari haiko katika kumwona mgeni. Iko katika kumwona mgeni peke yake, mpaka mtoto adhani kwamba visa vyenye thamani hutokea kwa wengine tu. Tena sauti ya kuazima ina mwenyewe. Machi 2025 serikali ya Marekani iliwapa watumishi wa Sauti ya Amerika likizo ya lazima, na baada ya zaidi ya miaka 60 masikio ya Waswahili hayakuulizwa lolote. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mwaka 2007 Karagwe ilipata redio yake ya jamii, FADECO. Mkulima akasikia habari za migomba na kahawa yake kutoka kwa jirani yake, na akaweza kupeleka swali na kujibiwa. Naona hapo kivuli cha yule manju wa enanga, ambaye waliomzunguka waliweza kumkatiza. Lakini hapa pana fundo ambalo sina budi kulitaja. Kanuni zetu za utangazaji zinamtaka mwenye leseni atumie Kiswahili au Kiingereza, na lugha nyingine kwa ruhusa maalumu. Matokeo yake mpakani ni haya: bibi wa Murongo asiyejua Kiswahili vizuri hufungua redio, na lugha inayokaribia ya mama yake huisikia kutoka Mbarara, Uganda. Kiingereza, lugha ya mgeni, kina ruhusa. Kinyambo, lugha ya mwenyeji, hakina budi kuiomba.

Nimelifikiri jambo hili kwa miaka mingi, na sikulipata jepesi. Nikikumbuka Novemba 1978, naona haja ya lugha moja inayotufanya tuwe taifa, nami nimeitumikia lugha hiyo kwa kalamu yangu yote. Nikikumbuka 1994, naelewa kwa nini serikali inaogopa redio za makabila. Lakini nikitazama vizuri naona kwamba Rwanda haikuangamizwa kwa sababu ya kusema lugha ya mama. Wote walisema lugha moja, wauaji na waliouawa. Iliangamizwa na uongo wa kukopa uliosemwa bila kujibiwa. Basi kinachotulinda si kuinyima lugha kipaza sauti. Kinachotulinda ni msikilizaji aliyefundishwa kuuliza. Saa mbili au tatu za Kinyambo kwa juma, za enanga, za methali na za ushauri wa afya kwa wazee, zikisimamiwa na Watanzania wenyewe, hazitavunja taifa ambalo mfalme wake wa 1861 alikwisha kujua Kiswahili bila kuacha lugha yake.

Kwa hiyo ninawaachia walimu na wanafunzi maswali matatu ya kupimia kila sauti, iwe ya gazeti, redio, televisheni au simu ya mkononi. Nani anasema, na nani anamlipa? Fikira anayoisema ilizaliwa wapi? Na yule anayesemwa ana njia gani ya kujibu? Shule zilizo Karagwe na Kyerwa zina kazi iliyo karibu zaidi: wazee wanaojua visa vya enanga wanapungua kila mwaka. Mwanafunzi mwenye daftari na simu aende akae chini awasikilize, aandike kwa Kinyambo, kisha atafsiri kwa Kiswahili ili na Mtanzania wa Lindi afaidi. Hiyo ndiyo akiba itakayojaza ghala letu.

Namaliza kwa ubeti wangu mmoja, kama ilivyo desturi ya watu wa kalamu ya zamani:

Sauti ya kuazima, haijui zetu njia,
Leo hutupa neema, kesho itatukimbia,
Wenye nayo wakizima, gizani tutabakia,
Tujifunzeni kusema, na wenzetu kusikia.